Yai la Marehemu Apostolos

Ioannina, 24 Februari 1998

Kwa Bi. Garifalia Zisi,
Petrovrisi

Salamu nyingi. Natumaini mkono uliochomwa sindano hauumi tena. Niliondoka kwenu bila kukujibu swali lako, maana Padri Haralambis alikuwa ananihimiza tuwahi nyumba za juu kabla barafu haijafunga barabara. Uliniuliza, "Damu ya kizee kama mimi ya nini?" Nakujibu sasa.

Ndani ya damu kuna seli za kinga. Kazi yake mojawapo ni kula: zinakula vijidudu, zinakula seli zilizokufa, zinakula hata mafuta yanayozagaa. Sisi tunazitoa kwenye damu, tunazilea siku kadhaa kwenye kisahani cha maabara, kisha tunaangalia kama nazo zinajitengenezea mafuta, na kwa kiasi gani. Nataka kujua kama kolesteroli ya chakula, ile inayotoka kwenye mayai, nyama na jibini, inazifanya zitengeneze zaidi. Hapa mjini ninao wanafunzi wanaokula mayai mawili kila siku kwa ajili yangu. Kwenu ninao watu ambao Kwaresima nzima hawagusi yai, nyama wala maziwa. Damu ya kwanza nimeshaichukua. Ya pili nitakuja kuichukua Juma Kuu, halafu nilinganishe.

Jambo jingine. Kila mtu kijijini nimempa karatasi ya kuandika anachokula. Wewe sikukupa. Padri alinivuta pembeni akaniambia, "Huyu ndiye anayekanda mkate wa sadaka wa kanisa. Ukimwuliza kama anafunga utakuwa umemtukana, na mimi umenitukana vilevile." Nikaona aibu, nikaacha. Usidhani nilikusahau.

Pole tena kwa msiba wa mzee. Niliona kofia yake bado iko kwenye msumari. Kahawa yako ilinipasha moto mpaka nikafika mjini.

Wako,
Ismini Karvouni


Petrovrisi, 23 Machi 1998

Daktari mwanangu,

Barua yako ililetwa na jirani yangu Stergios, akasimama mlangoni kungoja niisome kwa sauti. Sikuisoma. Acha afe na hamu yake.

Umeeleza vizuri, nimeelewa nusu, nusu nyingine nimekuachia mwenyewe. Kofia iko palepale. Marehemu Apostolos alipewa jina la mitume, na kanisani aliingia siku tuliyofunga ndoa na siku aliyobebwa. Alikuwa mkomunisti, mwanangu, na tumbo lake lilikuwa la kikomunisti pia. Kila asubuhi yai la kuchemsha, ute mgumu, kiini laini, iwe Kwaresima isiwe, hata Ijumaa Kuu. Ananilia mbele ya macho yangu, anachovya mkate, anasema, "Garifalia, nakula kwa niaba ya wafanyakazi wote duniani." Nami namwambia, "Kula, kula, huko motoni watakukaanga na wewe." Basi ni hivyo kila asubuhi, tangu nina nywele nyeusi. Watoto Mungu hakutupa. Ugomvi alitupa wa kutosha.

Sasa nyumba imenyamaza. Naongea na jiko. Afadhali Jumamosi, maana nakanda mkate wa sadaka, na Jumapili asubuhi padri anabisha kuuchukua, na Vaya, mke wa Stergios, na wenzake wanakuja na majina ya wafu wao yapelekwe altareni pamoja na mkate wangu. Huko ndiko kubishwa mlango kwangu. Siku nyingine kinachobisha ni upepo.

Kuku wanataga vibaya mwaka huu. Nimemwambia Vaya kuna kicheche anaiba mayai, maana wanawake wameanza kuuliza kila mmoja ataleta mangapi ya kutia rangi nyekundu Alhamisi Kuu, tuyale Pasaka. Stergios amekuja kutega mtego nyuma ya banda. Anapenda kutega, mwache.

Mambo ya kufunga yanakwenda kama kila mwaka. Leo ni maharage.

Kula vizuri. Umekonda kwa mtu aliyesoma.

Garifalia, mjane wa Apostolos


Ioannina, 5 Mei 1998

Shangazi Garifalia, ukiniruhusu nikuite hivyo,

Kristo amefufuka.

Nimemaliza kuzipima seli za damu ya Juma Kuu. Majibu ya watu wa Petrovrisi yamekuja kama nilivyotarajia: baada ya Kwaresima seli zao za kinga zimepunguza kutengeneza mafuta. Mistari ya grafu ilishuka vizuri mpaka nikaogopa kupumua. Isipokuwa kichupa kimoja. Humo seli zinatengeneza mafuta kuliko hata zilivyofanya kabla ya Kwaresima, sawasawa na za wanafunzi wangu wa mayai. Kichupa hicho kina jina lako.

Profesa wangu alikiangalia akasema bila kuinua macho, "Umechanganya vichupa." Damu yenu na ya wanafunzi zililala kwenye friji moja, na mimi ndiye niliyebandika majina yote. Anasema kama nimechanganya kimoja, nani ataapa kwamba sikuchanganya vingine? Anataka kuitupa Petrovrisi nzima. Kuchukua damu upya hakusaidii, kwa sababu tangu Pasaka kijiji kizima kinakula mayai.

Nisaidie kuikumbuka siku ile. Ulikuwa unaumwa? Unatumia dawa gani? Uliniona nikibandika jina lako? Kuhusu chakula sikuulizi, usinielewe vibaya. Najua wewe ni nani pale kijijini.

Kazi ya miaka miwili imesimama juu ya kichupa kimoja, Shangazi. Ndiyo maana nakusumbua.

Ismini


Petrovrisi, 13 Mei 1998

Kweli amefufuka, mwanangu.

Nilisoma barua yako nikakaa kwenye ngazi. Seli zangu zinatengeneza mafuta. Sema kweli, nina nini? Dada yangu Olimpia tumbo lake lilitengeneza maji, tukamzika kabla ya mavuno. Kama ni ugonjwa niambie mimi, usimwambie padri, maana atakuja na mafuta yake ya wagonjwa na kijiji kizima kitajua kabla hajavaa viatu.

Na kama ni Mungu ananinyooshea kidole, hilo nalo niambie, kama vyombo vyenu vinaweza kulijua.

Kuhusu vichupa: siku ile ulikuwa umechoka. Macho mekundu, na kahawa yangu uliinywa huku umesimama. Ulisema mwenyewe hukulala. Barabara yetu ina mashimo, na ng'ombe wa Stergios walikuzuia pale darajani, ukashuka ukawapigia makofi. Sisemi umekosea. Nasema mtu aliyechoka hukosea, na si dhambi. Mwambie Profesa wako ni barabara.

Mimi sikuumwa. Dawa yangu ni ya presha tu. Chakula ni kilekile.

Kicheche hajanaswa. Mtego wa kwanza ulimbana paka wa padri, mkia tu, yuko salama, ila padri hajamsemesha Stergios tangu siku hiyo. Wanapeana mgongo kama wachumba waliogombana.

Garifalia


Ioannina, 21 Mei 1998

Shangazi,

Huna ugonjwa. Naanza na hilo ili ulale.

Kolesteroli ni kitu ambacho mwili unakihitaji, kwa kiasi. Ikizidi ndani ya seli inakuwa sumu. Basi seli ya kinga ikishameza nyingi huwasha mtambo wake wa mafuta, ikatengeneza mafuta yake yenyewe, ikaifunga ile kolesteroli humo na kuiweka pembeni. Kwenye hadubini yanaonekana matone madogo madogo yanayong'aa. Matone hayo yakijaa mwaka baada ya mwaka kwenye kuta za mishipa ya moyo, ni hatari, hilo linajulikana. Lakini siku za mwanzo nadhani seli inajiokoa tu. Imepewa kitu kizito kuliko uwezo wake na inatafuta pa kukiweka. Hapo ndipo nilitaka kufika na utafiti wangu.

Kwa hiyo kidole cha Mungu sikukiona. Kama kimo, chombo changu hakikioni.

Umesema kweli, nilikuwa nimechoka. Nimemwendea Profesa nikamwambia huenda nilichanganya. Mwisho wa Juni atakaa na wenzake waamue, ingawa ameshaamua. Usinihangaikie, kazi haikosekani.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na uhakika na mkono wangu. Sasa kila nikigusacho nakiuliza mara mbili. Jiko nimezima? Mlango nimefunga? Natelemka ngazi zote, nafika barabarani, napanda tena kuangalia. Siku zote nakuta nimefunga, na bado siamini. Hakuna mtu chumbani wa kuniambia, "Umefunga, twende zetu."

Barua zako nazisoma wakati wa kula. Nakula nimesimama kando ya sinki, kwa sababu kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja ni kama kujifanyia mzaha. Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni habari za paka.

Ismini


Petrovrisi, 4 Juni 1998

Ismini mwanangu,

Juzi padri alipiga simu chuoni kuuliza majibu ya kijiji, maana anataka kutangaza baada ya ibada kwamba Petrovrisi imewashinda watu wa mjini. Akaambiwa majibu hayapo, na kwamba Daktari Karvouni anaondoka mwisho wa mwezi. Wewe uliniandikia kazi haikosekani. Unadanganya vibaya, kama mimi.

Hukuchanganya kitu. Mkono wako ni mzima. Mlango umefunga, jiko umezima, usipande tena ngazi. Mimi nilikula mayai Kwaresima nzima. Kila asubuhi ya Mungu, na kuna siku nilikula mawili.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima nilikaa upande wangu wa meza, na zeituni zangu na chai ya majani ya mlimani. Kwa mazoea nikafungua mdomo, "Kula, kula, huko motoni..." na ng'ambo hakuna mtu. Kiti tu. Sikulia siku ya mazishi, watu walikuwa wengi na kahawa ilikuwa haitoshi. Siku ile nililia. Kisha nikasikia kuku anapiga kelele bandani, ametaga. Nikalichukua lile yai, nikalichemsha anavyopenda yeye, nikaenda kukaa kwenye kiti chake, nikalila. Na nikajisema kwa sauti, "Huna haya, Garifalia." Kwa mara ya kwanza tangu Novemba mezani kulikuwa na watu wawili.

Nyumba ilikosa mtenda dhambi, mwanangu, nikaishika kazi yake. Sikumkasirikia Mungu. Wangejua wangesema hivyo, lakini sikuwa na hasira wala njaa. Nilikuwa namtaka mtu wa kugombana naye asubuhi, basi.

Kicheche ni mimi. Vaya alinipa mayai yake nikatie rangi kwa jina langu, kwa huruma, na mimi nikayapokea.

Jumamosi nikakanda mkate wa sadaka kwa mikono ileile. Huo haukandwi ila na mwanamke aliyefunga safi. Mama aliniambia unga wenyewe unajua. Unga haukujua kitu, uliumuka vizuri kuliko mwaka jana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Barua yako ya ile seli inayofunga kitu kizito ndani ya mafuta nimeisoma mara nyingi. Kwetu wakati wa baridi nyama ilizamishwa kwenye mtungi wa mafuta isiharibike, na juu huoni kitu, mafuta meupe tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwaka huu.

Mwambie Profesa. Ila nakuomba lisifike huku. Wakijua watanichukulia mkate, na mkate ukiondoka hakuna atakayebisha mlango wangu mpaka siku ya jeneza. Mimi si mwoga wa moto, nimeukejeli miaka yote. Naogopa Jumapili bila mtu mlangoni.

Garifalia


Ioannina, 10 Juni 1998

Shangazi yangu,

Nilianza kukusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia, halafu kicheko kikageuka kilio. Nilipotoka nilifunga mlango mara moja nikaenda zangu.

Nilimwuliza Profesa bila kutaja barua yako: je, kama yule mtu alikula kweli? Akasema kama alikula, basi si kosa, ni jibu, na kijiji kizima kinasalimika. Lakini neno la mdomo hakubali. Anataka karatasi ya chakula iliyotiwa saini na mwenyewe, na chini yake saini ya padri, kwa sababu padri ndiye aliyewadhamini watu wote wa Petrovrisi kwamba wanafunga. Nilimwomba aiache ya padri. Akasema, "Basi tunaitupa."

Nimemwambia aitupe. Barua yako iko kwangu na haitasomwa na mtu. Mwisho wa mwezi nitakwenda Patra kwa kaka yangu, ana duka la rangi za nyumba, atanipa kaunta ya kusimama nyuma yake. Wewe kanda mkate wako. Ni afadhali mmoja wetu abishiwe mlango.

Asante kwa kunirudishia mkono wangu. Nilikuwa nautaka kuliko kazi.

Ismini


Petrovrisi, 22 Juni 1998

Ismini,

Kaunta ya rangi utasimama nyuma yake mwanao akishakuwa profesa. Si sasa.

Nilimfuata padri kwenye bustani yake ya nyanya. Nikamwambia nimesimama, ili nisipate pa kujificha.

"Kwaresima hii nilikula mayai," nikasema.

Akaendelea kufunga nyanya kwenye kijiti. "Siku moja inasamehewa, Garifalia. Ulikuwa na msiba."

"Siku zote."

Akaacha kamba. "Na mikate?"

"Niliikanda yote."

Akakaa juu ya ndoo. Ni mtu mnene, ndoo ikalia. "Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Na kuku."

"Kwa nini hukuja kwangu mapema?"

"Ungeniruhusu?"

"Hapana."

"Ndiyo maana."

Akaiokota kamba yake. Kisha akasema, na hakusema kwa ukali, ningependa angekuwa mkali, "Hutakanda mpaka sikukuu ya Bikira ipite, katikati ya Agosti. Agosti utafunga kama mtu anayeanza upya, halafu tutaona." Nikampa karatasi ya chakula niliyoiandika mwenyewe. Akaisoma, akaniuliza kama daktari atafukuzwa bila saini yake. Nikasema ndiyo. Akaitia saini palepale juu ya goti lake, na udongo wa nyanya umebaki pembeni. Mwambie Profesa asiufute.

Karatasi ni hii. Nimeandika kila siku yai, kwa sababu sikumbuki siku ambayo halikuwepo.

Padri hakutangaza kitu. Lakini Jumapili mkate ulitoka kwa mwokaji wa mji wa Konitsa, umeletwa na basi ndani ya nailoni, na watu wa huku wana macho. Mlango wangu haukubishwa. Nilivaa mapema nikakaa nao uso kwa uso, mjinga mimi, mpaka kengele ikagonga.

Jioni Stergios alikuja kuondoa mtego wake. Akanitazama kutoka kisigino mpaka kitambaa cha kichwa. "Basi kicheche ni wewe," akasema. "Na mimi nilikuwa naweka nyama. Ningeweka gazeti la kikomunisti la marehemu ningekunasa siku ya kwanza." Alicheka. Nami nilicheka. Alipoondoka nikabaki nasikia saa ya ukutani.

Sijutii. Nakuambia tu ilivyo.

Garifalia


Ioannina, 17 Julai 1998

Shangazi,

Profesa aliisoma karatasi yako amesimama dirishani. Aliugusa ule udongo kwa kidole akauliza ni nini. Nikamwambia ni nyanya. Kijiji kimesalimika, na mimi nimeongezewa mwaka mmoja.

Tena sikiliza. Kichupa nilichotaka kukizika sasa ndicho kinachozungumza kuliko vingine. Wanafunzi wangu ni vijana, wanakula vyakula vya mjini, mtu angeweza kusema tofauti inatoka huko. Lakini wewe umekunywa maji yaleyale na wenzako, umekula maharage yaleyale na zeituni zilezile, umeamka kwenye baridi ileile. Kilichozidi ni yai, na seli zako zikawasha mtambo wa mafuta, zao zikauzima. Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, hilo nimeliandika wazi. Ila anatosha kutuonyesha pa kuchimba. Kwenye makala utakuwa namba tu. Hakuna atakayekujua.

Mimi nitakujua. Nilipofika pale kwenye mstari wako mkono ulisita, kwa sababu najua ndani yake kuna kila asubuhi uliyokaa kwenye kile kiti.

Sasa niambie ukweli, maana tumeshazoea kudanganyana. Nani anakuja kwako?

Hapa wote wamekwenda baharini. Jengo zima lina mimi na friji.

Ismini


Petrovrisi, 3 Septemba 1998

Ismini mwanangu,

Julai sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa fupi mno, niliona haya kulitilia stempu. Hakuna aliyekuja. Stergios alipita kunitania, basi. Vaya alikuwa anazunguka nyuma ya shule ya zamani asipite kwangu, na najua si kwa ubaya. Hakujua aseme nini, na mimi sikujua nimsaidieje. Kanisani nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na hapo unasikia mbwa kuliko padri.

Agosti nilifunga kama nilivyofunga nikiwa msichana, bila hata mafuta ya zeituni. Sikukuu ya Bikira ikapita. Jumamosi iliyofuata mlango ukabishwa, nikadhani ni upepo, sikuinuka. Ukabishwa tena. Ni padri, na mfuko wa unga begani, amejipaka mweupe mpaka ndevuni. "Kanda," akasema. "Ule wa Konitsa unamomonyoka kama chokaa." Yeye kuomba radhi kwake ni huko. Nilikanda. Jumapili Vaya alikuja na majina ya wafu wake, na juu ya wote, kabla ya mama yake mzazi, alikuwa amemwandika Apostolos. Alikunywa kahawa, akaniachia kikombe nikioshe.

Kwa hiyo mkate umerudi, na nautaka, na mtu anayeutaka lazima afunge. Nafunga Jumatano, nafunga Ijumaa, nafunga kila kilichoandikwa. Na hapo ndipo shida yangu ilipo, sina mwingine wa kumwambia.

Siku za kawaida nakula yai kwenye kiti chake. Halina kitu. Limeruhusiwa, ni yai tu, na yeye hayumo. Siku za kufunga nakaa upande wangu, mwanamke safi, na ng'ambo hakuna mtu. Maneno yote niliyozoea kumwambia yananijaa mdomoni, nayameza na chai. Nimepata Jumapili yangu, nimempoteza yeye mara ya pili. Ningeweza kulia, lakini nimeona nikuandikie kwanza.

Wewe hufungi. Usibishe. Juma Kuu ulipokuja kututoa damu ulikaa ndani ya gari ukala mkate wa jibini, ukadhani kioo kinakuficha. Padri alikuona, akaniambia, "Huyo binti hana wa kumkataza."

Basi njoo Ijumaa. Basi linatoka hapo asubuhi, mwambie dereva akushushe kwenye chemchemi, nyumba yangu unaijua. Usilete kitu. Utakaa kwenye kile kiti, nitakuchemshia yai, utalila mbele ya macho yangu, na mimi nitakusema mpaka ulimalize.

Garifalia